Parashqevi Qiriazi: kabla ya gazeti, herufi

Andika neno njeri kwenye karatasi, mpe mtu yeyote anayesoma Kiswahili. Ataanza kama anavyoanza njaa au njia. Mpe Mwalbania karatasi hiyohiyo: atasoma "nyeri", kama ule mji wa Kenya, na atakwambia maana yake ni mtu. Herufi ni zilezile tano, ila kila mmoja ana makubaliano ya kwao.

Neno makubaliano ndilo la kulishika. Herufi hazioti shambani. Watu hukaa, wakabishana, wakapatana kwamba alama hii itasimamia sauti hii, kisha watoto hufundishwa kana kwamba ilikuwa hivyo tangu enzi za Nuhu. Waalbania walikaa mwaka 1908, na katika kikao chao alikuwemo mwanamke mmoja tu, mwalimu wa miaka 28 aitwaye Parashqevi Qiriazi.

Ukimtafuta leo utakutana na vurugu ya sifa. Huku anaitwa mwanamke aliyebuni alfabeti ya Kialbania. Kule ni mwandishi wa habari wa kwanza wa kike wa taifa lake. Pengine ni mwanzilishi wa shule ya kwanza ya wasichana, pengine ni mpigania haki za wanawake aliyefika Paris. Baadhi ni kweli tupu, baadhi nusu kweli, na moja ni la dada yake. Tuchambue taratibu.

Nani ni nani

Albania ni nchi ya Ulaya, ng'ambo ya bahari kutoka Italia na jirani ya Ugiriki. Kwa eneo inaizidi Burundi kidogo tu, na watu wake hawafiki milioni 3. Wenyewe huiita Shqipëria, na lugha yao shqip. Watanzania wa makamo na wazee huenda walilisikia jina hilo mwaka 1971, pale azimio la kuipa Beijing kiti cha China katika Umoja wa Mataifa lilipoitwa azimio la Albania na balozi wetu Salim Ahmed Salim akawa miongoni mwa walioshangilia ukumbini. Zaidi ya hapo wengi wetu tunaichanganya na Armenia.

Ila Parashqevi alipozaliwa, Juni 1880, hakukuwa na nchi ya jina hilo kwenye ramani. Waalbania walikuwa raia wa Dola ya Uthmaniya, iliyotawaliwa kutoka Istanbul, na mji aliozaliwa, Monastir, leo unaitwa Bitola na uko Makedonia Kaskazini. Uhuru wa Albania ulitangazwa Novemba 28, 1912, yeye akiwa tayari mtu mzima mwenye kazi yake.

Sasa jina. Utaliona likiandikwa Qiriazi, Kyrias, Kiriazi. Ni ukoo uleule. Tofauti inatokana na lugha ya aliyekuwa ameshika kalamu, Mwalbania, Mgiriki au Mmarekani. Katika ukoo huo kulikuwa na ndugu wanne wa kukumbukwa: Gerasim, mhubiri wa Kiprotestanti, Gjergj, aliyefanya kazi na chama cha Biblia cha Waingereza, Sevasti, aliyezaliwa 1871, na Parashqevi, mdogo wao. Sevasti baadaye aliolewa na Kristo Dako, kwa hiyo wakati mwingine anaitwa Sevasti Dako. Hapo ndipo watu wanapopotea. Shule ya wasichana ya Korçë, mji wa kusini mwa Albania, iliyofunguliwa Oktoba 15, 1891 ilianzishwa na Sevasti akishirikiana na kaka yao Gerasim. Parashqevi wakati huo alikuwa na miaka 11. Alikuja kuifundisha baadaye, akaipa miaka yake mingi, lakini hakuianzisha. Dada mkubwa alifungua mlango, mdogo mtu akaingia nao mbali.

Kwa nini herufi zilikuwa hatari

Hapa ndipo penye kiini, na wengi hupita haraka.

Dola ya Uthmaniya iliwagawa watu wake kwa dini, si kwa lugha. Mwalbania Mwislamu alihesabiwa pamoja na Waislamu wote wa dola, akasoma Kituruki. Mwalbania Mwothodoksi aliwekwa chini ya Patriaki wa Kigiriki, akasoma Kigiriki. Mkatoliki wa kaskazini aliwategemea mapadri waliopata msaada wa Italia na Austria. Fikiria mtaa mmoja, majirani wanaosalimiana kwa lugha moja na kuombana chumvi kwa lugha moja, lakini asubuhi watoto wanatawanyika kwenda shule tatu zenye lugha tatu, na hakuna hata moja inayofundisha lugha ya nyumbani.

Na kila dini ilikuwa na herufi zake. Waislamu waliandika Kialbania kwa herufi za Kiarabu, Waothodoksi kwa za Kigiriki, Wakatoliki kwa za Kilatini. Kwa hiyo ukichagua herufi umechagua upande, na ukisema Waalbania wote wawe na herufi moja, umesema Waalbania ni taifa moja. Istanbul ililielewa hilo vizuri sana, na Patriaki vilevile. Shule ya kwanza ya Kialbania, ya wavulana, ilifunguliwa Korçë Machi 7, 1887, na tarehe hiyo mpaka leo ni Siku ya Walimu nchini Albania. Serikali iliifunga mwaka 1902. Padri Kristo Negovani aliyethubutu kusalisha ibada kwa Kialbania aliuawa Februari 1905.

Shule ya wasichana ilinusurika kwa sababu ilikuwa na mwavuli wa wamisionari wa Kimarekani, na serikali haikutaka ugomvi na balozi. Mwavuli huo umezaa dhana ya kwamba elimu ya mwanamke wa Kialbania ilikuwa zawadi ya wamisionari. Si hivyo. Kibali cha shule kilipatikana kwa msaada wa Naim Frashëri, mshairi mkubwa na afisa wa elimu huko Istanbul, naye alikuwa Mwislamu wa tarika ya Bektashi. Mbektashi anawahangaikia Waprotestanti wapate kibali ili binti za Waothodoksi na Waislamu wajue kusoma lugha ya mama zao. Atakayetaka kuigeuza hadithi hii kuwa vita vya msalaba na mwezi mwandamo itamshinda.

Sevasti na Parashqevi wote wawili walisoma Chuo cha Wasichana cha Wamarekani, Istanbul; mkubwa alihitimu 1891, mdogo 1904. Kisha wakarudi Korçë kushika chaki.

Kikao cha Monastir

Mwaka 1908 Vijana wa Kituruki, kundi la maafisa na wanasiasa wa dola waliotaka mageuzi, walimlazimisha Sultani kurudisha katiba, na kwa muda mfupi dirisha likafunguka. Waalbania hawakungoja. Kuanzia Novemba 14 hadi 22 wajumbe 50, 32 kati yao wenye haki ya kupiga kura, walikutana Monastir wapatane juu ya herufi. Mwenyekiti alikuwa Mid'hat Frashëri, Mwislamu. Tume ya alfabeti iliongozwa na Gjergj Fishta, padri Mkatoliki. Gjergj Qiriazi alikuwemo, na mdogo wake Parashqevi alikuwemo.

Mezani kulikuwa na mapendekezo matatu makubwa. Lile la Istanbul la mwaka 1879 lilitumia Kilatini likiazima alama kadhaa za Kigiriki kwa sauti ambazo Kilatini hakina. Chama cha Bashkimi cha mji wa Shkodër, kaskazini, kilitumia Kilatini tupu, na sauti ngumu kikaziandika kwa kuunganisha herufi mbili. Chama cha Agimi kiliweka vialama juu na chini ya herufi.

Msomaji wa Kiswahili ataelewa tofauti hii upesi kuliko Mwingereza. Sisi tuna dh ya dhahabu, th ya thamani, sh ya shamba. Waalbania wana sauti hizohizo tatu na leo wanaziandika vilevile. Njia nyingine ilikuwa kutafuta alama moja mpya kwa kila sauti. Inapendeza machoni: sauti moja, herufi moja. Lakini nenda kwa mchapaji. Sanduku lake lina vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na herufi zake za risasi. Anaokota moja moja, anazipanga kwenye mstari, anazifunga kwa uzi, anapaka wino. Ukimpelekea kazi yenye herufi ambayo sandukuni kwake haimo, hana la kufanya mpaka aiagize ikasubuliwe. Na magazeti ya Kialbania ya enzi hizo yalichapwa ugenini: Bucharest, Sofia, Boston. Mpiga simu ya maandishi naye alikuwa na tatizo lilelile. Herufi mbili za kawaida zilizounganishwa hazimsumbui mtu.

Nasikia mara nyingi kwamba kikao kilichagua alfabeti moja. Hakikuchagua. Kilipitisha mbili: ya Istanbul iendelee, na pembeni yake ya Kilatini tupu iliyofanana sana na ya Bashkimi, baada ya kufanyiwa marekebisho. Yalikuwa maridhiano ya watu waliojua kwamba wakilazimishana watavunjika. Ya pili ndiyo iliyoshinda kadiri miaka ilivyokwenda, bila kura nyingine, kwa sababu ndiyo iliyochapika kirahisi. Ina herufi 36.

Kwa hiyo, je, Parashqevi ndiye aliyebuni alfabeti? Hapana, na si mtu mmoja aliyeibuni. Sifa yake ni nyingine, na kwa maoni yangu ni kubwa zaidi. Mwaka 1909 alitoa kitabu cha kwanza cha kusoma kwa shule za msingi, abetare kama wanavyokiita. Uamuzi wa kikao unabaki karatasi mpaka mwalimu auweke mbele ya mtoto wa miaka saba. Sisi kumbukumbu zetu za kusawazisha Kiswahili, tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 uliochagua Kiunguja, zimejaa maafisa wa kikoloni na wamisionari. Kule Monastir waliobishana walikuwa wenye lugha wenyewe, na mmoja wao alirudi darasani kesho yake.

Dirisha lilifungwa haraka. Kufikia 1910 serikali ya Vijana wa Kituruki ilikuwa inawasukuma Waalbania warudi kwenye herufi za Kiarabu, na maandamano ya pande zote mbili yalifanyika. Lakini kitabu kilikuwa kimeshatoka.

Nyota ya Asubuhi, mara mbili

Yll' i Mëngjesit maana yake Nyota ya Asubuhi. Yll ni nyota. Mëngjes ni asubuhi. Jina hili linachanganya kwa sababu lilibebwa na vitu viwili. Cha kwanza ni chama cha wanawake kilichoanzishwa Korçë mwaka 1909, kilichohimiza wanawake wajue kusoma. Cha pili ni jarida ambalo Parashqevi alilihariri Boston, Marekani, kati ya 1917 na 1920. Chama na jarida viko mbali kwa miaka minane na bahari nzima.

Katikati kulikuwa na vita. Vita vya Balkan vya 1912 na 1913, kisha Vita Kuu ya Kwanza, viliifanya Korçë iwe ya jeshi hili leo na jeshi lile kesho. Familia ikaishia Marekani.

Tuseme kwanza maana ya mwandishi wa habari kwa wakati ule, kwani tukisikia neno hilo tunamwona mtu mwenye kipaza sauti. Mhariri wa gazeti la wahamiaji mwaka 1917 aliandika, akatafsiri, akasahihisha, akabembeleza waandishi, akatafuta pesa za karatasi, akajibu barua za waliokasirika. Na Boston haikuwa na nafasi ya bure. Dielli, maana yake Jua, gazeti la Waalbania wa Marekani, lilikuwa linatoka hapo tangu 1909, na wanasiasa wa uhamishoni hawakuwa wapole. Kristo Dako, shemeji yake, alikuwa na upinzani wa wazi na kundi la Fan Noli na Faik Konica, viongozi wa Waalbania wa Marekani. Kuanzisha jarida katika mji huo ilikuwa kama kufungua kibanda cha chipsi mtaa wenye vibanda viwili ambavyo wenyewe hawasalimiani.

Waliolisoma ni nani? Wengi hudhani jarida lililohaririwa na mwanamke lilikuwa la wanawake, la mapishi na malezi. Idadi kubwa ya Waalbania wa Massachusetts wakati huo walikuwa wanaume waliokuja kutafuta, wafanyakazi wa viwanda vya viatu na vya nguo. Waliishi pamoja kwenye nyumba za kupanga walizoziita konak, wakigawana kodi na kupika kwa zamu, fedha iliyobaki ikitumwa nyumbani. Wengi walifika hawajui kusoma, wakajifunza hukohuko ukubwani. Jarida liliwapa siasa, historia, lugha, fasihi, ngano za kwao, na ndani ya hayo hoja kwamba taifa linaloacha nusu ya watu wake gizani halitasimama. Yaani hoja ya elimu ya binti ilifikishwa kwa baba, kaka na mchumba, ndio waliokuwa na kauli ya nani aende shule na nani abaki nyumbani. Siamini ilitokea kwa bahati tu. Alikuwa mwalimu, alijua ada inalipwa na nani.

Na usisahau alikoandikia. Wapiga kura wa Massachusetts, wanaume watupu, walikataa mwaka 1915 kuwapa wanawake kura. Marekani nzima ilibadilisha katiba 1920, mwaka jarida lilipokoma. Muda karibu wote aliohariri kurasa za siasa, yeye na wanawake waliomzunguka hawakuwa na haki ya kumchagua hata rais.

Mwaka 1919 Waalbania wa Marekani walimtuma katika ujumbe wao Paris, kwenye mkutano wa amani. Walikuwa na sababu ya kuhangaika: mkataba wa siri uliosainiwa London mwaka 1915 ulikuwa umepanga kuikatakata Albania, na Ugiriki iliidai Korçë yenyewe. Desemba 1920 Albania ilipokelewa katika Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Kusema Parashqevi ndiye aliyeiokoa ni chumvi nyingi. Walioshughulika walikuwa wengi, ndani na nje. Lakini alikuwepo, tena kama mjumbe.

Kama alikuwa mwandishi wa habari wa kwanza wa kike, sitaapa. Kilicho wazi ni kwamba alihariri jarida kabla ya harakati za wanawake kushamiri nyumbani. Zilishamiri 1920: mjini Shkodër, Shaqe Çoba aliongoza chama cha Gruaja Shqiptare, yaani Mwanamke wa Kialbania; mjini Gjirokastër, mwalimu Urani Rumbo alianzisha Lidhja e Gruas, Umoja wa Mwanamke.

Haki zipi hasa?

Ukisoma kwamba walikuwa wapigania haki za wanawake usidhani walianza na kura. Walianza na kusoma, kisha kutoka nje, kisha mali na ndoa. Sheria ya mila ya milima ya kaskazini, Kanun ya Lekë Dukagjini, ilimweleza mwanamke kama kiriba, kitu cha kubebea na kuvumilia. Watu wakisikia hivyo hurukia kusema ni Uislamu. Aliyeikusanya na kuiandika Kanun hiyo ni padri wa Kifransisko, Shtjefën Gjeçovi, kutoka kwa wazee wa milima ya Wakatoliki, na Waislamu wa milimani nao waliifuata. Ilikuwa mila ya ukoo na ardhi. Dini zilikuja zikaikuta. Wala haikutawala Albania nzima: huko kusini, walikofanya kazi akina Qiriazi, nguvu yake haikuwa hiyo.

Dhana nyingine ni kwamba wakomunisti wa Enver Hoxha, walioshika nchi mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, ndio waliomkomboa mwanamke wa Kialbania. Hapa nitagawa haki sawa. Ni kweli wanawake walipiga kura katika uchaguzi wa Desemba 2, 1945, na ni kweli kampeni za kusoma na kuandika za utawala ule zilifika vijiji ambavyo hakuna mmisionari aliyewahi kuviona. Lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa herufi za 1908, na walimu wa mwanzo wa kike walitoka katika shule zilizokuwepo kabla. Mojawapo ni ile iliyoanzishwa 1922 na dada wawili hao na Dako, taasisi ya wasichana mjini Tirana iliyobeba jina la ukoo, Kyrias. Ilifungwa 1933, Mfalme Zog wa Albania alipozitaifisha shule za binafsi.

Yaliyofuata nitayataja upesi. Italia iliivamia Albania Aprili 1939, Wajerumani wakaingia 1943, na dada hao wakapelekwa kambi ya wafungwa Belgrade, Serbia. Parashqevi alikuwa amevuka miaka 60. Walirudi hai. Utawala mpya uliwatazama kwa jicho la shaka: Uprotestanti, chuo cha Wamarekani, miaka ya Boston, shemeji aliyekuwa karibu na Zog, familia ikaandamwa. Sevasti alifariki 1949. Mdogo wake aliishi kimya miaka 21 zaidi.

Parashqevi Qiriazi alifariki Tirana Desemba 1970, akiwa na miaka 90. Novemba 1972 wataalamu walikutana katika mji huohuo kwenye kongamano la tahajia, wakabishana lahaja ipi iwe msingi wa lugha sanifu, Watoski wa kusini wakipewa uzito kuliko Wagegi wa kaskazini, ugomvi ambao haujaisha hadi leo. Herufi hazikuguswa. Zilibaki 36.